Kuamka Kabla Hawajafika

Niliambiwa niandike lakini nisitaje jina la mtu yeyote. Sawa. Nitataja kazi zao na mahali walipokuwa wamesimama, na anayejijua atajijua. Mimi niliishia darasa la nne, basi msinitafutie maneno makubwa.

Aliyewaongoza watu wa porini, wale wenye bunduki, mpaka kwenye mlango wetu alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika kijiji chetu, upande wa Malemba-Nkulu. Mwalimu yule alikuwa pia mchoraji wa maandishi. Misalaba ya makaburi, milango ya maduka, benchi za kanisa, yote ilipita mikononi mwake. Aliyemshauri bwana yangu aandikishe jina lake kwenye ukuta wa duka alikuwa mdogo wake, shemeji yangu, ambaye bado yuko hai na anakula vizuri. Chifu wetu alikuwa amehama siku mbili kabla hawajaja, na mbuzi zake, bila kumwambia mtu. Na aliyenunua rangi nilikuwa mimi. Niliifuata kwa baiskeli, kopo la nyekundu na kopo la nyeupe, nikarudi naimba, kwa sababu hakuna mwanamke mwingine pale ambaye jina la bwana yake lilisomeka kutoka barabarani.

Duka lenyewe, chumba cha mbele cha nyumba yetu, lilikuwa na chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, betri na ndoana. Jina lilikuwa kubwa kuliko duka.

Walikuja saa ile jogoo wa kwanza amekwisha kuwika na wa pili bado. Nilikuwa nimelala. Hilo njo sijalisamehe mpaka leo, kwamba nilikuwa nimelala vizuri. Kilichoniamsha ni sauti ya mwalimu nje, inasoma. Alikuwa na tochi. Alisoma kutoka ukutani jina la bwana yangu lote, la ubatizo na la babu yake, kwa sauti ya darasani. Halafu mlango ukapigwa. Mimi na mama mkwe tulitoka kwa dirisha la nyuma, tukaingia kwenye mihogo, tukalala chini kama mizizi. Bwana yangu hakutoka.

Watu wengine wanasema mwalimu alilazimishwa, kwamba walimkamata na yeye usiku uleule. Mimi nilikuwa najibu neno moja tu: alisoma bila kukwama.

Tangu siku ile mimi na alfajiri tuliachana.

Tulifika Kamina na mama mkwe, na mzee mmoja mstaafu wa reli akatupa chumba cha nyuma kwa heshima ya uzee wa yule mama, si kwa ajili yangu. Watu wanadhani mtu aliyeponea analala sana akifika mahali salama. Kila siku, saa ya jogoo wa kwanza, macho yangu yalifunguka yenyewe. Lakini kufungua macho si kuamka. Nilibaki palepale, mkono juu ya mdomo, nasikiliza. Mbwa. Baiskeli ya mtu wa makala, yule muuza makaa, inapita, mnyororo unalia. Mama mkwe akitaka kukohoa, namfunika na kitenge. Hatukuwasha moto, hatukufungua mlango, mpaka jua liugonge mlango lenyewe. Majirani walituita bibi za chifu, wanawake wanaoamka mchana. Tuliwaacha waseme.

Basi na biashara yangu ilikuwa ya mchana. Nilikaanga bitumbula, yale maandazi ya duara ya unga wa ngano, wakati kila mtu mwenye njaa ya asubuhi amekwisha kula. Sokoni nilikaa nyuma ya wenzangu, karibu na ukuta. Sikuita mteja. Mtu akiuliza bitumbula hivi ni vya nani, nilikuwa nasema ni vya mama mmoja amekwenda kidogo, atarudi. Niliona ni akili. Mtu asiyejulikana hatafutwi.

Mwaka jana shemeji akapiga simu. Alisema kijiji kimetulia, mashamba ya marehemu yanaota majani, na mwisho wa mwezi unaokuja atapita Kamina na kamyo, lori la samaki kutoka Kinkondja, amchukue mama yake na mimi pia. Alisema "na weye pia" kama mtu anayetaja mzigo wa pili. Kwa desturi yetu mjane harudi peke yake, anarudi mikononi mwa ndugu ya marehemu. Nilijua mahali nitakapolala: katika nyumba ileile, nyuma ya ukuta uleule, na saa ya jogoo wa kwanza nitakuwa na macho wazi kando ya mtu aliyesema jina liandikwe.

Nilimwomba mama mkwe akatae. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Miye niko muzee, mwana wami. Kama chakula iko hapa, nabakia. Kama haiko, napanda kamyo."

"Na miye?"

"Weye unauzisha bitumbula saa ile bantu banapiga usingizi ya mchana. Chakula itatoka wapi?"

Alisema kweli, na mimi nilijua kwamba akiondoka, chumba cha mzee wa reli nacho kimeondoka. Basi mambo yangu yote yalikuwa pale: nipate riziki ya kweli kabla ya kamyo kufika, au nirudi kule.

Wakati huohuo sisi wanawake wa parokia tulipewa meza nane chini ya hangari, banda la bati mbele ya lango la karakana ya reli. Watu wa reli wanapita pale kila asubuhi kabla ya saa kumi na moja, na wanapita na njaa. Msimamizi wa hangari, fundi wa zamani wa injini ambaye sikio moja lilikufa kazini, alituwekea masharti yake. Kila meza iwe na kibao cha kuonyesha ni ya nani. Kila meza iwe wazi saa kumi na nusu, giza au mvua, mwezi mzima. Jumamosi ya mwisho atapita na daftari. Aliyetimiza ataandikwa, meza ni yake. Asiyetimiza atatoka, wako wengi wanaongoja. Nilipata meza ya tano. Jumamosi yenyewe ilikuwa siku mbili kabla ya kamyo.

Kabla ya kuanza tulipewa mafunzo katika chumba cha katekisimu. Mwalimu alikuwa msichana kutoka Lubumbashi, viatu safi, makaratasi makubwa ya kubandika ukutani. Alikuja kutufundisha marque, alama ya biashara. Alisema muuzaji mdogo asiuze vitu kumi, auze kimoja kinachomtambulisha. Kikombe kiwe kipimo kilekile kila siku, kitambaa cha meza rangi ileile, ladha ileile, saa ileile. Mteja akija mara tatu akukute vilevile, mara ya nne analeta mwenzake. Halafu akasema neno hili.

"Marque njo kile kintu muteja anakumbuka wakati weye hauko pale."

Nilifikiria ukuta wetu. Bwana yangu hayuko pale, na jina lake liko.

Akaomba kila mmoja wetu amwonyeshe alama yake. Tukaangalia makaratasi yake ukutani. Kila mwanamke wa Kamina aliyewahi kutuma gunia kwa gari moshi au juu ya kamyo ana alama yake, lakini ni ya kuficha. Huyu anashona uzi mweusi upande wa ndani, yule anatia kokwa la embe katikati ya samaki, mwingine anafunga fundo la tatu kwenye kona ya chini. Ukiitaja mbele ya watu, kesho mwizi anaishona na yeye, gunia limekuwa lake. Yule msichana alidhani tunaona haya. Akasubiri na kalamu yake. Mwishowe muuza samaki wa meza ya nne, mwanamke mnene asiyeogopa kitu, akainuka, akamvuta kando, akamnong'oneza sikioni. Halafu mwingine. Tukapanga mstari kama watu wa kitubio, na kila mmoja alipomaliza aliangalia nyuma kama kuna aliyesikia.

Yule msichana alicheka mpaka akakaa. "Bamama, hizi ziko alama za kujificha. Miye naomba ile ya kuonekana."

Muuza samaki alielewa nusu. Wiki ileile alitafuta ubao mzuri, akaandikisha jina lake, akautundika chini ya meza. Msimamizi alipouliza, akajibu kwamba anayemjua atainama. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine, kwa sababu nilimwelewa kuliko wengine.

Kuamka, sasa. Yule msichana alitupa na hayo pia: ulale saa kuku wanapolala, uandae vyote jioni, na ukifungua jicho uweke miguu chini kabla moyo haujaanza maneno. Maneno mazuri kwa mtu ambaye moyo wake unaamka pamoja naye. Wa kwangu ulikuwa unaamka mbele yangu.

Jioni nilikanda unga na chachu katika beseni, nikafunika na kifuniko cha sufuria, nikaweka kando ya kichwa. Usiku unga unaumuka, unasukuma kifuniko, kinalia juu ya beseni. Hiyo njo ilikuwa saa yangu. Siku ya kwanza kilipolia nilijikuta nje ya mkeka, mgongo ukutani, panga mkononi, na mama mkwe anauliza gizani kama ninataka kuchinja mikate.

Siku hiyo nilifika kwenye mlango wa ua, nikarudi; bahati ilikuwa ya kujaribu tu, mwezi wa msimamizi ulianza kesho yake. Barabara ilikuwa nyeusi na nyeupe kidogo katikati, kama ulimi. Siku ya pili mama mkwe alikunja kitenge chake, akachukua mchi wa kinu, akasema anakwenda kutembea, anayetaka amfuate. Mwanamke wa miaka sabini na zaidi, macho yamefunga ukungu, anatangulia na mchi begani kumlinda mtu mzima. Nilibeba beseni kichwani, kapu begani na mbabula, lile jiko la makala, mkononi, nikamfuata nikitetemeka mpaka vikombe vikawa vinagongana katika kapu. "Unapigisha kengele," alisema bila kugeuka. "Kama iko mwizi, anajua shiye tunakuya."

Nilikuwa nahesabu. Nyumba ya mzee wa reli, nyumba ya mkunga, kisima, kanisa la Wamethodisti, shimo, njia ya kwenda Base, kambi ya askari, halafu reli. Kwenye kila moja nilisimama, nikasikiliza, nikasema: bado. Kule mbele niliona taa moja ya lango la karakana, na chini yake hangari. Sikuwahi kupenda taa kama ile.

Polepole nilichagua kitu changu kimoja: chai ya majani ya citronelle, yaani mchaichai, na tangawizi, ikiwa moto kweli, na bitumbula viwili pembeni. Vikombe vyote vya bati, kipimo kimoja. Kitambaa cha bluu, kilekile, nafua jioni. Watu wa reli walikuwa wanakuja na taa zao za mkononi, macho bado mabaya ya usingizi, hawasemi, wananyoosha mkono. Siku ya sita mmoja alimwambia mwenzake, mbele yangu, kwamba pale kwenye bluu chai haidanganyi. Nilirudi nyumbani na neno hilo. Mama mkwe alihesabu vijiko vya unga uliobaki, akasema mwezi ukiendelea hivi kamyo litarudi na samaki wake tu.

Kilichokosekana kilikuwa kibao. Nilisema ubao wangu bado mbichi. Nilisema mwana wa jirani ananipangia mbao. Ukweli ni kwamba kila nilipofikiria jina langu kwenye ubao nilisikia sauti nje ya mlango inalisoma.

Wiki ya pili yule msichana wa mafunzo alileta mchoraji, mkono mmoja uandike vibao vyote ili meza zifanane. Hakuuliza mtu huyo ametoka wapi. Yeye pia namwandika hapa, kati ya wenye makosa. Mtu anayefundisha alama angejifunza kwanza kuuliza mkono ulioichora umefanya nini kabla.

Alikuja kutoka upande wa reli, kabla ya mwanga, mwembamba, kofia ya sufu, kopo la rangi limening'inia kwenye kidole. Gizani sikumtambua kwa uso. Alikaa kwenye meza ya nne, akamwomba muuza samaki kipande kimoja, akasoma kwa sauti ubao aliokuwa amepewa aandike upya. Ilikuwa ile sauti ya darasani: alisoma neno moja moja, akifunga kila neno kama mlango.

Chai niliyokuwa namimina ilijaza kikombe, ikajaza mkono wa mtu wa reli, ikaendelea. Yule mtu alipiga kelele. Nilisema samahani, nikasema samahani, nikainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Kule chini niliona viatu vyake. Niliviangalia mpaka vikaondoka.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi, meza moja baada ya nyingine, vibao vinakauka kwenye ukuta wa hangari. Nilijifunga kitenge mpaka chini ya macho, nikasema meno yananiuma. Kila mara aliponikaribia aliuliza kwa upole, "Mama, yako tuandike nini?" na mimi nilitikisa kichwa. Hakuonyesha kwamba ananijua. Hilo lilinitisha zaidi. Mtu akikujua unaona machoni mwake anataka nini. Huyu macho yake yalikuwa yanaangalia ubao tu.

Sikumwambia mama mkwe. Nilijua atapiga ukelele, watu watajaa, na baada ya watu kuondoka tutabaki sisi wawili, chumba kimoja, mlango mmoja wa mbao, na mtu anayejua njia. Sisi tulikuwa tumebaki peke yetu tuliosikia sauti yake usiku ule. Mtu wa namna hiyo si anahitaji tunyamaze? Nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani kila siku. Nilipita kwa mkunga, nilipita nyuma ya kanisa, nilikaa kisimani bila ndoo. Usiku sikungoja tena kifuniko kilie. Nililala nimevaa viatu.

Mara mbili nilishika simu nimwambie shemeji aje mapema. Mara mbili niliiweka. Kule kuna ukuta. Hapa kuna mtu aliyeuandika. Nilikuwa katikati, na Jumamosi inakuja.

Ikaja. Mama mkwe alikuwa amebaki na homa ya mifupa, basi nilipita giza lile peke yangu, mara ya kwanza. Sikusimama kwenye nyumba ya mkunga wala kisimani, niliona nikisimama sitaondoka tena. Nilifika wa kwanza. Saa kumi na nusu msimamizi alitoka na daftari na tochi, na yule msichana wa mafunzo nyuma yake. Meza ya kwanza, kibao. Ya pili, kibao. Muuza samaki alikuwa ametoa chake chini ya meza na kukiweka juu, kichwa chini, akakigeuza haraka. Walipofika kwangu msimamizi alimulika ukuta, akamulika meza, akanimulika mimi.

Alisema mama, chai yako naijua, hata mimi nainywa, lakini sheria ni sheria, kibao kiko wapi? Nilisema kesho. Alisema kesho iko Jumapili. Akafungua daftari, akaweka kalamu juu ya mstari wangu, na nikaona ile kalamu inainama kukata.

Hapo mchoraji akainuka kutoka meza ya nne. Alikuwa na ubao mdogo kwapani, umekwisha kupakwa nyeupe. Alisema anaweza kumwandikia mama sasa hivi, dakika chache tu. Msimamizi akamwuliza, utaandika nini na yeye hasemi jina?

"Jina ya bwana yake ninaijua," alisema. "Niliisha kuiandika."

Nilishika meza. Nilifikiri: sasa. Ni saa ileile, giza lileile, na sauti ileile inataka kusema jina lilelile mbele ya mlango. Na sijui nani ndani yangu alifungua kitenge kwenye mdomo, maana mimi nisingeweza. Niliwaambia. Niliwaambia watu wa reli waliokuwa na vikombe mkononi, wanawake wote, yule msichana, msimamizi na sikio lake moja, kwamba mtu huyu alisimama na tochi mbele ya nyumba yetu akawasomea watu wa porini jina la bwana yangu, wakaingia, wakamwua. Nilisema polepole ili nisilie. Hakuna aliyekunywa.

Mchoraji hakukimbia. Aliweka kopo chini.

"Balinikamata na miye," alisema. "Bunduki ilikuwa hapa." Akashika nyuma ya shingo, chini ya kofia. "Bao habakujua kusoma. Balisema soma."

"Ulisoma bila kukwama."

"Nilisoma kwa nguvu, mama. Kwa nguvu yote. Ili musikie, mutoke."

Nataka kuandika hapa kwamba nilijua kama anadanganya au anasema kweli. Sikujua, na sijui leo. Najua kwamba niliamka kwa sauti yake. Najua kwamba dirisha la nyuma nililifikia kabla mlango haujavunjika. Najua pia kwamba bwana yangu alikuwa amelala kando yangu, sikio lake karibu kama langu, na kwamba mtu akiwa na muda wa kupanga uongo anapanga huu. Nilimwangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu usiku ule. Alikuwa anaogopa. Nilikuwa sijawahi kuona mtu ananiogopa mimi.

Muuza samaki alimwambia akale samaki wake pengine. Watu wa reli walianza kunung'unika. Yule msichana wa mafunzo alikuwa analia na kalamu mkononi, hakujua aiweke wapi. Msimamizi peke yake aliuliza tena, kwa sababu upande mmoja hakusikia vizuri, na kwa sababu ni mtu wa reli: basi kibao?

Nilimnyang'anya mchoraji ule ubao mweupe. Nilitoa kaa baridi pembeni ya mbabula. Darasa la nne linatosha kwa herufi nne. Niliandika CHAI, na chini yake 4H, kama watu wa reli wanavyoandika saa kumi ya usiku kwenye karatasi zao. Ile H ya chini ililala upande kama mlevi. Sikuweka jina langu, sikuweka la bwana yangu. Nilitundika ubao kwenye msumari wa nguzo.

Msimamizi aliumulika muda mrefu. Alisema wengine wote wameahidi saa kumi na nusu, weye unaahidi saa kumi kamili, utaweza? Nilisema mlango wangu nitaufungua mimi mwenyewe. Hakuelewa maneno hayo, lakini aliandika kwenye daftari, na hakukata.

Kwa mama mkwe nilisema yote mchana ule, nimekaa chini kando ya mkeka wake. Aliuliza kama mwalimu amezeeka. Nilisema ndiyo. Akauliza kama kweli alisoma kwa nguvu, maana yeye usiku ule alikuwa ameamka tayari, anatafuta kiatu, na alisikia lakini alidhani ni ndoto ya shule. Nikasema ndiyo, kwa nguvu. Halafu aliomba simu, akamwambia mwana wake kwamba kamyo lisisimame Kamina, lipite na samaki wake, kwa maana bibi ya mwana wake mkubwa ana meza. Shemeji alisema mengi. Mama alishika simu mbali na sikio mpaka yakaisha.

Msinitakie mwisho mwema. Mchoraji hajaondoka mjini. Hana mahali pa kwenda, kama mimi. Anaandika maduka ya njia ya Base sasa, na asubuhi anapita kwenye reli na kopo lake, hasimami kwangu. Mimi bado moyo unanikatika nikisikia hatua gizani, na bado nalala na viatu. Yule msichana wa Lubumbashi aliandika kutoka kwao kwamba mimi ni mfano mzuri wa mwanamke aliyejifunza kuamka mapema. Hajui. Sasa naamka saa tisa, saa nzima kabla ya ile iliyoandikwa kwenye ubao wangu. Nawasha makala, natandika bluu, nasimama chini ya taa ya lango na uso wangu kwenye barabara. Nikiwa wa kwanza pale, hakuna anayeweza kunifikia nimelala. Kila anayekuja namwona anatoka gizani mdogo, halafu mkubwa, halafu namjua ni nani, na mimi njo ninayemwamkia kwanza.